Ndege ya Siku ya Tatu

Watu wa Masasi wanamkumbuka Mama Agatha kama yule mama aliyekuwa na mikorosho pembeni mwa uwanja wa ndege. Jina lake la ubatizo ni Anjelina. Siku hizi anakaa juu Newala, huko Makote, kwa watu wa ukoo wa mama yake, na anayetaka kumwona atamkuta, maana hatoki sana. Mimi nilikuwa jirani yake kwa miaka mingi. Tuliimba kwaya moja, tulichota maji bomba moja, na msiba wa mume wake niliukalia tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo haya ninayoyaandika sikuyaokota barabarani.

Anjelina alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mueda. Vita vya Mreno vilipowaka, mama yao alivuka mto na watoto wawili, Anjelina na kaka yake Vitalis, ambaye alimshika mdogo wake mkono njia nzima asimwachie hata pa kujikwaa. Walifikia Makote kwa ndugu zao. Hapo ndipo Anjelina alipokua na kusoma shule ya msingi, na hapo ndipo Bartholomayo, kijana wa Masasi, alipomkuta akamchumbia. Alipoolewa akashuka na mume wake Masasi. Vitalis naye akashuka, kwa sababu alisema hawezi kumwacha dada yake ugenini kabla hajaona anakula nini.

Bartholomayo alikuwa amepewa pori kando ya uwanja wa ndege. Hakuna aliyelitaka. Uwanja wenyewe wakati ule ulikuwa nyasi tu. Ndege ya misheni ilitua mara chache, kuchukua mgonjwa au kumleta askofu, na siku nyingine zote ulikuwa malisho ya mbuzi. Ardhi ni mchanga, na upepo hauna pa kuzuilika. Bartholomayo alikuwa utingo wa malori, leo yuko Tunduru, kesho Lindi. Basi pori lile walilifyeka Anjelina na kaka yake. Mashimo alichimba Vitalis, mbegu alitia Anjelina. Mikorosho iliposhika na kufika magotini, Msumbiji ikapata uhuru wake, na Vitalis akasema anakwenda kuangalia kwao pamebaki nini. Alikwenda hadi Pemba, ile ya hukohuko Msumbiji, akapata kazi bandarini, akaoa, akabaki. Alirudi mara moja tu, kumzika mama yao.

Nieleze kidogo hapa, kwa ajili ya wasomaji ambao si wa kwetu. Kwa desturi yetu mti ni wa aliyeupanda. Lakini pia kwa desturi yetu mume akifa, watoto wa dada yake ndio wanaokuja kuulizia mali, siyo mke wala watoto wake wa kuzaa. Mambo hayo mawili yakikutana inabidi ukoo ukae kikao. Na katika kikao cha ukoo mwanamke hajisemei. Anasemewa na kaka yake. Kaka akisimama akasema, huyu ni dada yangu, miti hii kapanda yeye, nimeona kwa macho yangu, basi jambo limekwisha. Asiposimama mtu, mwanamke anakaa na maneno yake kifuani. Mimi sisemi ni vizuri. Nasema ndivyo ilivyokuwa kwa Anjelina.

Miaka ikaenda, nchi ikafunguliwa. Korosho hazikununuliwa tena na chama peke yake, wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao. Yakaja mabasi ya watu binafsi, maduka ya mitumba, na mwishowe ndege za watu binafsi. Mwaka mmoja tuliona magreda yanateremshwa pale uwanjani. Wakaurefusha uwanja, wakamwaga changarawe na kushindilia, wakazungusha waya, mbuzi wakabaki nje wanashangaa kama sisi. Wakajenga jengo la matofali lenye bati la buluu, na ndani yake wakaweka meza ya uhamiaji. Hapo ndipo tulipoambiwa kuwa uwanja wetu sasa ni wa kimataifa.

Kampuni iliyokuja iliitwa Umande. Gari lenye spika lilizunguka mji mzima likitangaza: "Masasi kwenda Pemba, kila Jumatatu! Nauli ya mfukoni, unapanda ndege kama unavyopanda basi!" Na kweli nauli haikutisha. Watu walikuwa na ndugu zao ng'ambo ambao hawajawaona tangu uhuru, kwa maana njia ya miguu ni siku nyingi na mto una mamba. Sasa unaambiwa utafika kabla chai haijapoa. Hamida, jirani yetu aliyeuza korosho za kukaanga pale getini, alikuwa na hadithi yake aliyoipenda.

"Kuna mzee kakata tiketi," alisema, "yeye anajua anakwenda Pemba ya Unguja, anafuata karafuu. Kashuka kule, katoa salamu zake zote, assalamu alaykum, anajibiwa Kireno! Karudi na ndege ileile, hata uwanjani hakutoka."

Anjelina alicheka hadi akashika mbavu. Alizipenda ndege zile. Alisema Mungu ameikunja nchi kama mkeka, Pemba na Masasi zimegusana.

Mwaka huohuo Bartholomayo alifariki. Presha. Alianguka shambani, chini ya mikorosho, na hatukuwahi hata kumfikisha hospitali ya Ndanda.

Wakati wa kuzika kila mtu alikuwa mpole. Jafari, mtoto wa dada yake Bartholomayo, mfanyabiashara pale mjini, ndiye aliyeleta sanda na gari. Yeye ni Mwislamu na mjomba wake alikuwa Mkristo, lakini kwetu hilo halileti neno. Alilia vizuri, na simsemi kuwa alilia uongo. Baada ya matanga ndipo alipoanza kuja nyumbani kwa Anjelina jioni jioni, nami mara nyingi nilikuwepo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Mama, mikorosho hii imezeeka."

"Mimi pia nimezeeka, Jafari, na bado napika."

Jafari akacheka. Hakuwa mtu wa ukali. "Kuna bwana mmoja wa Dar es Salaam. Anataka kujenga gesti hapa, inatazama uwanja. Abiria wa ndege watalala wapi?"

"Ndege inakuja asubuhi inaondoka alasiri. Huyo abiria anapata saa ngapi ya kulala?"

"Zitaongezeka, mama. Mwakani zitakuja za Nampula, za Ngazija. Hapa patakuwa mji mwingine."

"Waje wapumzike chini ya mikorosho yangu, kivuli sitawatoza."

"Mikorosho ya mjomba," akasema Jafari, polepole, kama mtu anayemsahihisha mtoto.

Usiku ule, kabla ya kusali, Anjelina aliniambia: "Umesikia? Kampa mjomba wake miti yangu baada ya kumzika."

Alikwenda ofisi ya mtendaji, akaambiwa mambo ya ukoo malizeni kwanza ninyi wenyewe. Padre wetu, Fortunatus, akamshauri afungue kesi. Anjelina akasema hawezi kumpeleka mahakamani mtu aliyebeba jeneza la mume wake. Binti yake Agatha alikuwa ameolewa Tunduru, naye ni mwanamke, asingeweza kusimama. Wajomba wa Makote walikwisha kufa wote. Alibaki mtu mmoja tu duniani wa kusema neno lile, naye ndiye aliyechimba mashimo.

Wazee wakapanga kikao cha kumaliza msiba siku ya Jumanne. Anjelina alifurahi, kwa sababu ndege ya Pemba hutua Jumatatu. Aliuza mbuzi wake, akaenda kwenye dirisha la Umande pale uwanjani, akalipia tiketi ya Vitalis. Binti wa dirishani, Isabela, msichana mwenye adabu, alimweleza kuwa tiketi itamsubiri kaka yake kulekule Pemba, atataja jina tu.

"Lakini mama nisikilize," alisema Isabela. "Hizi ni tiketi za bei ya chini. Hazibadilishwi. Asipotokea, ndege imekwenda na hela imekwenda."

"Atatokea," akasema Anjelina. "Humjui kaka yangu."

Nilimsindikiza posta kupiga simu. Kule Pemba Vitalis alikuwa amekaa dukani kwa jirani yake mwenye simu, kama walivyopatana kwa salamu za watu. Laini ilikuwa inakoroma kama mtu mwenye pumu. Vitalis alikuwa ameishi na Kireno zaidi ya miaka ishirini, na Kiswahili kilikuwa kimemtoka, anatafuta neno halipati. Basi Anjelina, kwa kumhurumia kaka yake, akaongea naye Chimakonde kitupu, ambacho nami nakielewa, kila neno, hata jina la siku. Hakusema Jumatatu. Aliigeuza akasema siku ya tatu.

"Ndege inaondoka kwenu siku ya tatu, asubuhi. Siku ya tatu hii inayokuja. Umesikia, kaka?"

Nilisikia sauti ya mwanamume ikirudia kwa mbali, siku ya tatu, siku ya tatu, asubuhi.

Alipoweka simu chini uso wake ulikuwa umekunjuka. Njiani kurudi alinieleza namna Vitalis anavyosema akisimama mbele za watu. Alisema haongei sana, lakini akianza hata kuku wanatulia.

Jumatatu ile tulivaa kanga zetu za kwaya tukaenda uwanjani. Watu walikuwa wengi kwenye waya, wengine hawakuwa na mgeni, walikuja kutazama tu. Hamida alikuwa na beseni lake la korosho. Ndege ikasikika upande wa milima ya mawe, ikazunguka, ikatua na vumbi lake, ikajivuta hadi mbele ya jengo. Mlango ukafunguliwa. Akashuka mama wa Kimakua mwenye mtoto, wakashuka wafanyabiashara wenye mabegi, akashuka mtawa mmoja mzee, wakashuka vijana waliovaa suti. Kisha akatoka rubani, akajinyoosha mgongo.

"Amebaki ndani," alisema Anjelina. "Ana mizigo."

Tukasubiri. Alikuja mfagiaji, akapanda ndani na ufagio wake.

Isabela alipotuona tunakuja dirishani alijua. "Jina lipo, mama. Wenzetu wa kule wanasema mtu hakutokea."

"Labda anaumwa."

"Hawakusema hivyo. Wamesema hakutokea."

Tulikwenda posta kwa miguu, na joto lilikuwa kali. Bwana wa simu wa pale akajaribu, akajaribu tena. Laini ya ng'ambo ilikuwa imekufa. Akasema tuje kesho. Kesho ilikuwa kikao.

Kikao kilifanyika uani kwa marehemu. Walikuwepo wazee wa Masasi na wengine waliotoka Lulindi na Nachingwea. Aliyekiongoza alikuwa Mzee Swalehe, mtu wa haki, simlaumu mpaka leo. Mbele yake palikuwa na bakuli la unga wa mtama. Kwetu mzee akiumwaga unga ule chini, kikao kimefungwa, na jambo lililosemwa halifunguliwi tena na kikao kingine. Sisi wa kanisani tunatazama pembeni wakati unga unapomwagwa, lakini hakuna anayethubutu kuuvuka.

Anjelina alikaa kwenye mkeka upande wa wanawake, nami nilikaa nyuma yake. Padre Fortunatus alimwombea muda wa wiki moja, hadi ndege nyingine. Mzee Swalehe akamgeukia Jafari.

"Upande wenu mnasemaje?"

"Mzee, sisi tunamheshimu mama," alisema Jafari. "Lakini wazee hawa wametoka mbali, na chakula kimepikwa. Kaka yake ameitwa. Ameletewa ndege hadi mlangoni kwake, nauli imelipwa, hakupanda. Tumwite mara ngapi? Tumpelekee na kitanda?"

Watu wakaguna. Lilikuwa neno zito, kwa sababu lilikuwa la kweli jinsi tulivyojua sisi sote wakati ule.

Hapo akainuka Mussa. Mussa alikuwa mtani wa ukoo, na kwenye misiba yetu mtani ana ruhusa ya kusema lolote na hakuna wa kumkasirikia. Alikuwa amejifunga kanga ya kike kiunoni na kujipaka unga usoni.

"Mimi namjua alipo!" akapiga kelele. "Alipanda! Ndege ilipofika juu ya Ruvuma wakamwambia, mzee, kwa nauli hii sisi tunaishia hapa!" Watu wakaanza kucheka. Mussa akajifanya anaanguka, anapiga mbizi, anaogelea vumbini. "Mama Agatha, nenda mtoni ukamwite! Au humtaki? Au huyo kaka umemwazima? Sema kama ni wa kuazima, tumrudishe kwa wenyewe!"

Hata wanawake walicheka, Mungu atusamehe, mimi pia nilicheka. Ni kazi ya mtani kuchekesha, na Anjelina mwenyewe alikwisha kumcheka Mussa kwenye misiba mingapi. Lakini siku ile alikuwa hajalala, na nadhani usiku kucha alikuwa akijiuliza jambo lile lile. Akainua uso.

"Sina kaka," akasema.

Alilisema wazi. Kicheko kikakatika. Mussa alibaki amekaa vumbini, akajifuta unga usoni kwa upindo wa kanga, na sikumwona tena akitania siku ile.

Mzee Swalehe alisubiri. "Mama Agatha, hilo ni neno. Unataka kulirudisha?"

Nilimvuta kanga kwa nyuma. Nilimnong'oneza, dada, rudisha. Hakugeuka. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini kinywa alikuwa amekifunga kabisa.

"Basi," alisema Mzee Swalehe. "Asiye na kaka hana wa kumsemea. Miti ni ya upande wa marehemu. Nyumba mama akae hadi atakapopata pa kwenda, na asisukumwe." Akautupa unga chini.

Wiki ile Anjelina hakuja kwaya. Nilimpelekea uji, akaunywa kwa adabu. Hakumtaja Vitalis. Jafari alileta watu na shoka wakaanza upande wa barabarani, na wakati wa mchana ulikuwa unasikia mti unapasuka, kisha kimya, kisha majani yanaburuzwa. Anjelina alikuwa ndani anachambua mchele ambao ulikuwa umekwisha chambuliwa.

Jumatatu iliyofuata tulisikia ndege ikitua, hatukutoka. Baada ya muda Hamida akaja mbio, beseni lake kaliacha sijui kwa nani.

"Mama Agatha! Kuna mtu uwanjani ana pua yako!"

"Hamida, mwanangu, sina hamu ya utani leo."

"Haki ya Mungu siyo utani. Ana sanduku la mbao. Anauliza kwa Kiswahili cha kuokoteza, nyumba ya Anjelina, nyumba ya Anjelina. Yule wa uhamiaji anamwelekeza huku."

Anjelina hakuondoka alipokaa. Mara tukasikia hodi. Akaingia mwanamume mrefu mwenye mvi, suruali imepigwa pasi, viatu vimejaa vumbi jekundu. Alisimama mlangoni akimtazama dada yake. Kwetu mdogo ndiye anayeanza salamu, na Anjelina alikuwa hajawahi kumnyima mtu shikamoo yake. Alimtazama tu.

"Umekuja kufanya nini?" akamwuliza, kwa Chimakonde.

"Nimekuja kukusemea."

"Walikwisha kusema. Jumanne iliyopita. Hukupanda ndege, Vitalis. Nilikaa kwenye waya kama mwehu, nikawatazama watu wakishuka hadi mfagiaji."

"Mimi ndiye niliyekaa kama mwehu!" akasema Vitalis. "Nilifika uwanjani alfajiri, siku uliyoniambia. Nimevaa hivi hivi. Wakanicheka. Wakasema ndege imekwenda jana."

"Siku niliyokuambia ni siku ya tatu."

"Siku ya tatu, ndiyo. Nilikwenda siku ya tatu."

"Hukwenda!"

"Nilikwenda, dada. Hesabu." Akainua mkono wake, akaanza kukunjua vidole. "Jumapili ni ya kwanza. Segunda, ya pili. Tersa, hii hapa, ya tatu."

Anjelina akamtazama mkono ule. Kisha naye akainua wake, polepole. "Jumamosi," akasema, "ya kwanza. Jumapili, ya pili." Akakunjua cha tatu. "Jumatatu."

Walibaki hivyo, kila mmoja na vidole vyake vitatu hewani. Mreno alimfundisha huyu kuanza juma Jumapili, Tersa yake ikawa Jumanne yetu, na Kiswahili kilimfundisha huyu kuanza Jumamosi, na walipokuwa watoto Makote walikuwa na hesabu moja. Mimi niligeukia ukutani. Sikutaka wanione.

"Niliwapigia simu posta yenu," alisema Vitalis. "Laini ikawa imekufa. Hela ya tiketi ikawa imekwenda. Nimeuza baiskeli ndiyo nimepata hii ya leo."

Ndipo Anjelina alipopiga magoti. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba," akasema Vitalis. Akamwinua. "Twende kwa mzee wa kikao. Ndege inaondoka alasiri, na ruhusa yangu ya kazini ilikwishia kwenye kusubiri."

Anjelina alisimama pale pale. "Kaka, kuna neno nililisema kikaoni."

Akamwambia. Hakulipunguza. Vitalis akatangulia mlangoni, akasema, "Twende hivyo hivyo."

Mzee Swalehe alitupokea vizuri, akatupa viti. Vitalis akampa shikamoo, akaitikiwa. Nikawa natafsiri pale Kiswahili kilipomkwama. Alieleza habari ya siku ya tatu kwa vidole, na Mzee Swalehe alihesabu naye kwa vidole vyake mwenyewe, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Naamini," akasema. "Uongo wa namna hii hakuna mtu anayeweza kuutunga."

"Basi mzee niruhusu niseme."

"Useme wewe kama nani?"

"Kaka yake Anjelina."

"Mwanangu, mbele ya wazee wote dada yako alitamka kuwa hana kaka. Nikampa nafasi arudishe, hakurudisha. Nikamwaga unga juu ya neno lake. Leo nikikusikiliza wewe, nitakuwa namsikiliza mtu ambaye kwa kikao chetu hayupo."

"Alisema kwa uchungu."

"Nani amewahi kusema neno kama lile kwa furaha?" Mzee akafikicha macho. "Kama ni mimi peke yangu ningekusikiliza hadi kesho. Na miti yenyewe, nenda ukaitazame. Bwana wa Dar amekwisha kuweka sahihi."

Hatukwenda kuitazama. Njia ya kurudi ilipita hapo hapo, tukaona bila kwenda. Upande wa barabarani yalibaki mashina tu, na utomvu umekauka juu yake. Jafari alikuwa amesimama na wapimaji. Alipotuona alivua kofia.

"Shikamoo, mjomba," alimwambia Vitalis. Kwa heshima kabisa. Vitalis aliitikia marahaba. Sijui angefanya nini kingine.

Nyumbani nilipika haraka haraka, wali na kuku, lakini hakuna aliyekula sawasawa. Vitalis alifungua lile sanduku la mbao akatoa shati jeupe, jipya, lililokunjwa na karatasi yake. Alikuwa amelinunua avae kikaoni. Akalirudisha. Alimwambia dada yake waondoke pamoja, waishi Pemba. Anjelina akasema kule angekuwa hajui hata siku za juma. Hilo walilicheka kidogo, wote wawili, kisha wakaacha.

Alasiri tukampeleka uwanjani. Kwenye jengo lile la bati la buluu mtu asiyesafiri haruhusiwi kupita meza ya uhamiaji, lakini ofisa alikuwa kijana wa Newala na alituacha tusimame na mgeni wetu hadi zamu yake ifike. Alifungua hati ya Vitalis, akaona muhuri wa asubuhi ileile.

"Mzee umeingia leo, unatoka leo? Ulikuja kufanya nini?"

Vitalis alilitafuta neno la Kiswahili. "Kusema," akasema.

"Kusema na nani?"

Anjelina akasogea mbele, akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Watu waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni walisogea kutazama, kwa namna alivyoinua sauti.

"Huyu ni kaka yangu," akasema. "Tumbo moja, mama mmoja. Vitalis. Ni kaka yangu."

Ofisa alimtazama. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa na kazi na ndege ilikuwa inasubiri.

"Hilo sikuuliza, mama," akasema, akagonga muhuri.